Timu Ikianguka, Shabiki Aende Wapi?

Msomaji mpendwa, ukitaka kumjua mpenzi halisi wa kandanda, usimwulize timu yake imetwaa vikombe vingapi. Vikombe hata mpita njia huvishangilia. Mwulize swali moja tu: timu yako ilipoanguka, wewe ulikuwa wapi?

Swali hilo sisi wa Kericho tumelala nalo na kuamka nalo tangu Aprili 2021. Mwezi huo, kamati ya nidhamu ya Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, iliamua kwamba timu yetu ya Zoo FC ilihusika katika upangaji wa matokeo ya mechi. Ikaagiza iondolewe katika Ligi Kuu ya Kenya na kushushwa daraja. Msimu ulikuwa haujaisha. Ligi yenyewe ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na kwa kuwa mashabiki hawakuwa wakiruhusiwa viwanjani msimu huo, wengi wetu hatukuwahi hata kuipungia timu mkono wa buriani. Iliondoka kama mgeni anayeondoka usiku wakati wenyeji wamelala.

Tangu siku hiyo, nikitaja jina la Zoo mbele ya watu, iwe ni katika kituo cha kununulia majani chai au ndani ya matatu ya kwenda Litein, hakosi mtu wa kucheka. "Ile timu ya kuuza mechi?" huuliza. Wengine hunishauri kwa upole nichague timu ya Uingereza nitulie kama wenzangu. Basi leo naomba niwajibu wote kwa pamoja. Nitasifu panapostahili sifa, nitakemea panapostahili kukemewa, na uamuzi nitakuachia wewe.

Kambi moja, timu mbili

Huwezi kuelewa mapenzi yetu kwa Zoo bila kujua tulikotoka. Chai ya biashara ilishika mizizi hapa katika miaka ya 1920, wakati makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipofungua mashamba makubwa. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ikaja kutoka kila upande. Wakipsigis walikuwa wenyeji. Waluo, Waluhya na Wakisii wakaja kutafuta riziki. Wote wakaishi katika kambi, nyumba zikipangwa safu kwa safu, mfereji mmoja, uwanja mmoja.

Abaluhya United, ambayo leo ni AFC Leopards, ilipozaliwa mwaka 1964, na Gor Mahia ikafuata mwaka 1968, kambi hizo zikapata cha kubishania. Nyumba hii ni Ingwe, ya pili ni K'Ogalo, na katikati yao ameketi Mkisii akiimba sifa za Shabana. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kwa kuipiku Esperance ya Tunisia, shangwe zilisikika hadi kwenye majani chai. Sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 hapa Nairobi, na mabao ya ugenini yakaamua. Wazee wanaokumbuka siku ile hawachoki kuisimulia.

Lakini hebu tazama, msomaji. Mapenzi yote hayo yalikuwa ya redioni. Timu zilikuwa za mbali. Mtu wa Kericho aliyetaka kuona mechi ya daraja la juu kwa macho yake alilazimika kupanda gari hadi Kisumu, Nakuru au Nairobi, atumie nauli ya kwenda na kurudi, na Jumatatu alfajiri nyapara hamwulizi kama K'Ogalo ilishinda. Mama mwenye watoto ndiyo kabisa hakuwa na njia. Kandanda kubwa ilikuwa ya wanaume wenye nauli.

Tena eneo hili sifa yake ilikuwa mbio. Marehemu Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye Mkenya wa kwanza kupata nishani katika Michezo ya Olimpiki: shaba katika mbio za mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, kisha fedha kule Mexico mwaka 1968. Kijana wa Kipsigis mwenye miguu mepesi aliambiwa akimbie. Mpira ulionekana kama mchezo wa wageni.

Wakubwa walipopiga hodi

Ndipo ukafika mwaka 2017. Ligi Kuu ilipanuliwa ikawa na timu 18, na miongoni mwa zile zilizopanda ni Zoo ya Kericho. Jina lenyewe lilitufanya tutaniwe nchi nzima. Tuliulizwa kama wachezaji wetu wanafungiwa katika vizimba na kulishwa nyasi. Tulicheka pamoja nao, kwa sababu ligi ilikuwa imekuja mlangoni petu.

Wale uliokuwa ukiwasikia redioni sasa walishuka kutoka kwenye basi mbele ya macho yako katika uwanja wa Kericho Green. Kwa takriban shilingi 200 mtu aliweza kumwona kipa anayemjua kwa jina tu akipaka glavu zake mate. Akina mama walikuja na watoto mgongoni. Wauza mahindi ya kuchoma, wenye bodaboda na wapika chai walipata chochote siku hiyo. Halafu mvua ya Kericho, ambayo haina adabu ya kungoja kipenga cha mwisho, ingeanza saa nane au saa tisa, na pengine mvua ya mawe juu yake. Uwanja ungegeuka matope, na timu kubwa zilizozoea viwanja vikavu zingeteleza. Hapo ndipo tulipopata pointi zetu.

Sitaki kukudanganya. Zoo haikuwa timu ya kutisha. Haikutwaa taji la ligi, na mara nyingi ilikuwa upande wa chini wa jedwali ikipigania uhai wake. Ulinzi wake ulikuwa na tabia ya kusinzia dakika za mwisho, hata tukawa tunasema kwamba mechi ya Zoo haiishi mpaka umefika nyumbani na kuvua viatu. Safu ya mbele nayo ingeweza kukosa bao ambalo hata bibi angelifunga kwa mkongojo.

Hata hivyo, timu hiyo ilitupa Nicholas Kipkirui. Mshambuliaji huyu alitoka Zoo akajiunga na Gor Mahia wakati wa msimu wa 2018/19, na Februari 2019 alikuwa miongoni mwa waliofunga mabao Gor ilipoilaza Zamalek ya Misri 4-2 uwanjani Kasarani katika Kombe la Mashirikisho barani Afrika. Zamalek, msomaji, si timu ya kubahatisha. Mwaka huo huo ndiyo iliyotwaa kombe hilo. Siku ile, wavulana wa huku waliokuwa wakiambiwa kila siku wakimbie mita 5,000 walipata mfano mwingine wa kuutazama. Nasema bila kusitasita: hata kama Zoo ingekuwa haikufanya jambo jingine lolote, hilo peke yake lilitosha kulipia tiketi zetu.

Manung'uniko ya shabiki

Yapo mambo yaliyonikera, na mengi hayakuwa ya Zoo peke yake. Ni ugonjwa wa timu ndogo zote nchini.

La kwanza ni kwamba kijana akianza kung'aa, kabla hujazoea kuliimba jina lake, amekwishauzwa. Wenye timu husema timu ndogo huishi kwa kuuza wachezaji. Ni kweli. Lakini mkulima wa chai anajua kwamba anayechuma lazima pia apalilie na kutia mbolea. Ukichuma tu mwaka baada ya mwaka, kichaka kitakuachia vijiti. Timu inayouza mshambuliaji mmoja bila kuwa na vijana watano wa chini ya miaka 17 wanaomfuata nyuma, inakula mbegu.

La pili ni udhamini. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa Ligi Kuu tangu 2015, ilitangaza kuondoa udhamini wake katika michezo nchini. Timu zilibaki zikihangaika. Mwaka huo huo SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa mwaka 2006, walitupwa nje ya ligi baada ya kukosa kufika katika mechi tatu. Mabingwa wazima! Ikiwa timu iliyokuwa na kiwanda cha sukari nyuma yake ilishindwa kufika uwanjani, wewe fikiria hali ya zile zisizokuwa na kiwanda wala shamba.

La tatu ni sisi wenyewe mashabiki. Siku Gor au Leopards wanapokuja, uwanja unafurika, na nusu ya watu wa Kericho wamevaa rangi za mgeni. Siku timu ya kawaida inapokuja, unaweza kuhesabu vichwa. Halafu saa moja jioni vibanda vya kuonyesha mpira wa Uingereza vimejaa pomoni, watu wamelipa na kusimama, wanarukiana kwa ajili ya penalti iliyotolewa London. Simlaumu mtu kupenda Arsenal au Manchester United. Ila nauliza: Arsenal ikishinda, ni mama yupi wa Kericho atakayeuza mahindi? Ni kijana yupi wa Kapkatet atakayepata nafasi ya kujaribiwa?

Mechi huuzwaje?

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe. Watu wengi hudhani kuuza mechi ni timu nzima kukaa kikao na kukubaliana ishindwe. Mara nyingi si hivyo. Siku hizi kamari haichezwi kwa mshindi tu. Mtu aliye bara jingine anaweza kuweka pesa kwamba mechi fulani itakuwa na mabao zaidi ya matatu, au kwamba timu fulani itafungwa kabla ya mapumziko. Mtu huyo hahitaji wachezaji 11. Anahitaji mlinda lango mmoja au mabeki wawili. Mlinzi mmoja akichelewa nusu hatua, mpira ukipita kwapani mwa kipa, kazi imekwisha. Mchezaji wa kiungo aliyekimbia dakika 90 hadi miguu ikashikwa na mkakamao huenda asijue lolote.

Hujulikanaje? Pesa huacha alama. Makampuni yanayochunguza kamari duniani huona fedha zikimiminika ghafla katika mechi ambayo kwa kawaida hakuna anayeijali. Wanajiuliza: ni kwa nini watu wa mbali wanaweka maelfu juu ya mechi ya timu wasiyoweza kuionyesha kwenye ramani? Hapo uchunguzi huanza.

Na FIFA haina mchezo katika jambo hili. Kanuni zake za nidhamu za mwaka 2019 zilisema anayepatikana na hatia ya kupanga matokeo afungiwe kwa angalau miaka mitano, pamoja na faini. Tena zinamtaka mchezaji aliyefuatwa na wapangaji atoe ripoti mara moja, na kunyamaza kwenyewe ni kosa. Februari 2020 wanasoka wanne waliowahi kuichezea Kakamega Homeboyz waliadhibiwa. Mmoja alifungiwa maisha na watatu miaka minne. Kwa upande wetu adhabu iliipata klabu yenyewe, kwa maana kanuni hizo huiwezesha FIFA kuiadhibu klabu kwa matendo ya watu wake. Samaki mmoja akioza, tenga zima hunuka.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 11 habari zilipotufikia. Alikuwa ameketi na daftari lake alimokuwa akiandika matokeo yote ya Zoo kwa kalamu ya kijani. Akaniuliza, "Baba, kwa hivyo zile mechi tulizoenda zilikuwa za uongo?"

Msomaji, sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo katika mambo ya mchezo. Nilimjibu hivi: "Mwanangu, mvua iliyotunyeshea haikuwa ya uongo. Sauti yako iliyokauka kwa kushangilia haikuwa ya uongo. Aliyeuza, aliuza kilicho chake. Vyetu hakuweza kuviuza."

Alinitazama kwa muda, kisha akafunga daftari. Mpaka leo sijui kama jibu lilimtosha. Lakini nataka uone ni nani hasa anayeibiwa mechi inapouzwa. Mcheza kamari amepoteza pesa, na pesa hutafutwa. Mtoto aliyeketi kwenye nyasi mvuani amepoteza imani kwamba anachokiona ni kweli. Hiyo hairudishwi kwa faini.

Na mchezaji mwenyewe? Siwezi kumtetea anayeuza jasho la wenzake. Ila yafaa tujiulize kwa nini mpangaji wa mechi hapendi sana kwenda kwa mchezaji anayelipwa vizuri na kwa wakati. Huenda kwa yule ambaye mwenye nyumba amemfungia mlango, ambaye mtoto wake amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Njaa haihalalishi wizi, lakini anayeacha mlango wazi usiku asishangae kuku wakipotea. Anayetaka kuzuia mechi kuuzwa na aanze na bahasha ya mshahara.

Kuanguka si kufa

Wale wanaonicheka husema timu iliyoanguka kwa aibu haina haki ya kuwa na shabiki. Mimi nasema wasome historia.

Mwaka 2006 Juventus ya Italia, moja ya klabu kubwa kabisa duniani, ilinyang'anywa mataji na kushushwa daraja kwa kashfa iliyohusu wakuu wake na waamuzi wa mechi. Baadhi ya nyota waliondoka. Lakini kipa Gianluigi Buffon na mshambuliaji Alessandro Del Piero walibaki, wakacheza daraja la pili kama vijana wanaoanza, na mwaka 2007 timu ikarudi juu. Mashabiki wake hawakuchoma jezi. Walitaka wakosaji waadhibiwe, na papo hapo wakataka klabu yao iishi. Mambo hayo mawili hayapingani.

Hapa kwetu, AFC Leopards yenyewe iliwahi kuteremka, ikarejea Ligi Kuu mwaka 2009. Ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1998, na mpaka leo huwezi kumtenganisha shabiki wa Ingwe na wimbo wake. Na jirani zetu wa Kisii ndio walimu wetu wakubwa. Shabana iliondoka Ligi Kuu mwaka 2006, ikazunguka katika ligi za chini kwa miaka 17, na iliporudi mwaka 2023 ilikuta watu wake wakiingoja mlangoni. Miaka 17! Mtoto aliyezaliwa siku ileile alikuwa karibu kupata kitambulisho.

Kwa hiyo kuanguka si kufa. Timu hufa siku mtu wa mwisho anapoona haya kulitaja jina lake. Na mimi sioni haya. Nilichokiona aibu ni kitendo, na adhabu yake ilitolewa.

Jirani wa Bomet

Sasa hadithi imepata sura mpya, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 2025 timu nyingine ya eneo letu, APS Bomet, ilipanda hadi Ligi Kuu kwa ajili ya msimu wa 2025/26. Hii ni timu ya Polisi wa Utawala, na jina la Bomet limeandikwa kifuani pake. Kabla ya hapo Bomet ilikuwa na timu mbili katika ligi ya daraja la pili, APS hiyo na Silibwet Leons. Kumbe wakati sisi wa Kericho tulikuwa matangani, majirani walikuwa wakilima.

Je, shabiki wa Zoo ahamie Bomet? Wapo wanaosema ndiyo, kwa kuwa majani ni yale yale, mvua ni ile ile na maziwa ya mursik ni yale yale. Wapo wanaosema mapenzi ya timu ni kama ndoa, na mwenzako akifungwa huendi kuoa kwa jirani siku ya pili.

Mimi nina maoni yangu. Timu ya idara au kampuni ina neema yake. Wachezaji wengi huwa na ajira, mshahara hauji kwa kudra, na basi la kwenda Mombasa halisimami njiani kwa kukosa mafuta. Baada ya yote tuliyoyaona, mchezaji aliyeajiriwa ni vigumu zaidi kununuliwa. Hiyo ni ngao ambayo Zoo haikuwa nayo.

Lakini timu ya namna hiyo ina hatari yake pia. Mwenye nayo akibadili nia, imekwisha. Tumeona timu za viwanda vya sukari, kama vile Mumias, Chemelil na SoNy, jinsi zilivyodhoofika viwanda vilipodhoofika. Shabiki alibaki na skafu shingoni na hakuna wa kumshangilia. Ndiyo sababu nasema watu wa Bomet na Kericho wasiridhike kuikodolea macho timu hii kama wapangaji. Waifanye yao. Waulize: ni vijana wangapi wa Longisa, Sotik na Silibwet wanaofanyiwa majaribio kila mwaka? Ni shule gani zinazotembelewa na makocha? Jina la Bomet lisiwe nembo ya mapambo. Liwe deni.

Na kwa sisi wa Kericho kuna kinaya kingine. Uwanja wetu wa Kericho Green ulifanyiwa ukarabati mkubwa na Oktoba 20, 2023 ukapokea taifa zima katika sherehe za Siku ya Mashujaa. Enzi za Zoo tulikuwa na timu ya Ligi Kuu na uwanja wa matope. Uwanja ulipopendeza, timu ilikuwa imeondoka. Ni kama mtu aliyeuza ng'ombe kisha akajenga zizi la mawe. Sasa zizi lipo. Kilichobaki ni kutafuta ndama.

Wewe na mimi tufanye nini?

Kwanza, twende uwanjani. Mapenzi ya kandanda hayalishwi na maneno. Katika miaka hii ambapo mashine za kuchumia chai zimechukua nafasi ya mikono mingi mashambani na kambi zilizokuwa zimejaa watu zimepungua, timu haiwezi kutegemea umati ule wa zamani. Kila kichwa kina thamani. Ukiweza kutoa pesa kibandani kila Jumamosi kwa ajili ya timu ya Uingereza, mara moja kwa mwezi zipeleke langoni kwa timu ya nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, nenda na familia. Uwanja wenye akina mama na watoto hauna matusi mengi wala mawe. Tena katika eneo hili ambalo ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilifukuza majirani waliokuwa wakichota maji mfereji mmoja, hakuna dawa ndogo. Nimemwona kijana wa Kipsigis akimkumbatia Mjaluo asiyemjua, wote wamelowa, kwa sababu Zoo imesawazisha. Hakuna aliyewahubiria. Bao liliwahubiria.

Tatu, wazazi tuzungumze na watoto kuhusu kamari bila kuuma maneno. Kijana anayeweka karo kwenye simu akitumaini mabao matatu ya mechi asiyoijua, yuko upande wa pili wa biashara ile ile iliyotuulia timu. Yeye ndiye samaki, na mpangaji wa mechi ndiye mvuvi. Mwambie hivyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nne, viongozi wa klabu wawafungulie wanachama vitabu vya hesabu. Shabiki anayejua mishahara imelipwa hadi mwezi gani ni mlinzi bora kuliko askari kumi. Na mchezaji akifuatwa na watu wa bahasha, awe na mtu wa kumwambia bila kuogopa kwamba ataonekana ndiye mwizi.

Naam, utauliza tena: na wewe uko timu gani? Mimi nitaenda kuwatazama Bomet wakicheza karibu nasi, nami nitawapigia makofi kwa moyo mweupe, kwa sababu kijana wa Sotik akifunga bao, mwenzake wa Ainamoi naye anaota. Lakini ukiniuliza jina la timu yangu, jibu halijabadilika. Ni Zoo. Jirani mwema humpongeza mwenzake kwa mtoto aliyefaulu mtihani bila kumkana wake aliyeanguka. Wake humkalisha chini, humkemea, humpa chakula, kisha humwambia arudi darasani.

Basi msomaji, usione haya kwa timu yako iliyoanguka. Ona haya tu ikiwa siku iliposimama tena, haikukukuta.